Nyota ya Kumi ya Doña Casilda

Basi lilikuwa linaelea, na ndani yake mlikuwa na joho lake.

Doña Casilda Canaviri alikuwa ameketi kwenye boti dogo la abiria, ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili, macho hayabanduki kwenye lile basi. Lilikuwa limepandishwa juu ya pantoni ya mbao, bapa kama mlango uliong'olewa, nayo pantoni ilikuwa ikivuka mlango wa ziwa polepole, ikiinama kidogo kila upepo ulipoipiga. Alikuwa ametoka Oruro alfajiri. Oruro ni mji wa vumbi na madini, na maji huko hufika bombani siku yanapojisikia. Hapa maji yalikuwa kila upande, ya buluu nzito, na yalikuwa yakipiga ubavu wa boti kama mtu anayebisha hodi.

"Likizama je?" akauliza.

"Likizama, doña Casi, ndipo tutakuwa wanamaji kamili," akajibu Limber Poma, mwimbaji wa bendi. "Mpaka leo tumezamia nchi kavu tu."

"Nyamaza, Limber," akasema Rosmery, mpiga dramu, aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka puani. "Unampandisha mama wa watu presha."

Mwenye boti aliwatazama kwa zamu, huku mkono wake mmoja ukiwa kwenye usukani.

"Nyie ndio Marea Seca?" akauliza. "Wale wanaovaa uadmirali na vinyago?"

"Ndio sisi, mzee."

"Mke wangu anawapenda sana. Mimi siwapendi. Mnachezea bendera."

"Basi sisi tutavuka na mkeo," akasema Limber.

"Nauli ni ileile," akajibu mwenye boti. "Ninayempenda analipa, nisiyempenda analipa."

Boti zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka mwisho, kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana amesamehe. Doña Casilda hakucheka. Alisubiri mpaka basi lilipokanyaga ardhi ng'ambo ya pili, akashusha pumzi, akasema kimoyomoyo, "Ahsante, Mamita." Ndivyo alivyozoea kumwita Bikira wa Socavón, mlinzi wa wachimba madini wa Oruro, na alimshukuru kwa mambo mengi kwa siku: kwa mkate uliotoka vizuri, kwa mvua, kwa basi ambalo halikuzama.

Bendi hiyo, ambayo jina lake ni kama kusema maji makavu, iligawanya watu tangu siku ya kwanza. Vijana watano wa Oruro walikuwa wamevaa makoti ya maadmirali yenye vifungo vya dhahabu, wakavaa na vinyago vya ngoma ya Morenada, vile vyenye macho yaliyotoka na ulimi unaoning'inia, wakaingia jukwaani wakivuta mashua ndogo yenye magurudumu. Waliimba kuhusu bahari ambayo nchi yao iliipoteza vitani kabla babu zao hawajazaliwa. Kila mwaka, mwezi wa tatu, watoto wa shule nchi nzima huandamana kwa ajili ya bahari hiyo, soksi zimevutwa hadi magotini, na kila mtu aliyewahi kuandamana hivyo akiwa mdogo alikuwa na la kusema juu ya Marea Seca. Wengine walisema ni dhihaka, kwamba vijana hawa wanawacheka wazee waliokufa jangwani. Wengine walisema hakuna aliyewahi kuilia bahari kwa ukweli kama wao. Redioni watu walipiga simu wakatukanana. Kwenye arusi moja huko Huanuni shemeji wawili walivuana mashati kwa sababu mmoja alitaka wimbo wao upigwe na mwingine hakutaka, na bibi arusi akaishia kucheza na babake mpaka walipotulia.

Doña Casilda hakuwa upande wowote. Yeye alikuwa mdarizi wa mtaa uitwao La Paz, hapohapo Oruro, ambako kila nyumba hushona au huchonga kitu cha karnivali, na wao walikuwa wateja waliokuja kukodi mavazi kama wateja wengine. Makoti alikuwa nayo, ya ngoma ya zamani. Joho la mwimbaji ndilo aliloshona upya: kitambaa cheusi kizito, nyota tisa ndogo kwa mikoa tisa ya nchi, na katikati nyota kubwa ya kumi, ya Litoral, mkoa wa pwani uliopotea. Nyota kubwa hudariziwa peke yake kwenye turubai ngumu, kisha hupachikwa kwenye tundu lililokatwa kwa umbo lake. Alikata tundu. Alilishonea ukingo wa shanga. Kisha uzi wa dhahabu ukamwishia.

Aliagiza mwingine kutoka La Paz, ule mji wenyewe. Siku ileile wakulima waliogoma wakafunga barabara kwa mawe pale Konani, katikati ya njia, nao uzi ukakaa ndani ya lori, nyuma ya malori mengine, pamoja na kuku na mitungi ya gesi. Limber alipofika kuchukua joho, alilikuta limetandazwa mezani na tundu wazi katikati.

"Halijaisha," doña Casilda alimwambia, akiwa ameona aibu kweli. "Nyota kubwa imelala Konani. Lete joho wiki ijayo nitaipachika."

Limber aliliinua joho dirishani. Akachungulia nje kupitia lile tundu.

"Usiliguse, doña Casi," akasema. "Usiliguse hata kidogo."

Wiki iliyofuata alikuwa redioni anaeleza kwamba tundu lile ni bahari yenyewe, mahali palipong'olewa. Doña Casilda alimsikia akiwa jikoni anamenya viazi. "Tundu lile ni Konani," aliiambia redio.

Hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Miaka mitatu nyuma mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili mpaka akawa anatunga sindano kwa kupapasa, kisha akashindwa hata hivyo. Mdarizi asiyeona amebaki mikono tu. Alimwahidi Mamita kwamba akirudishiwa macho atamchezea Morenada kwenye karnivali miaka mitatu mfululizo, maana huko nadhiri ni ya miaka mitatu, haipunguzwi. Daktari alimpasua. Walipomfungua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mraba wa mwanga wa dirisha juu ya shuka, na alilia mpaka muuguzi akamgombeza kwamba anaharibu kazi ya watu. Alicheza mwaka wa kwanza. Alicheza wa pili. Ulikuwa umebaki mmoja.

Na mwenye kutoa nafasi kwenye chama cha ngoma alichokuwa akichezea alikuwa don Abundio Veizaga, mwenyekiti, baharia mstaafu aliyetumikia jeshi la majini ziwani kwa ujana wake wote. Hakuwa mtu mbaya. Mke wake ndiye aliyekuwa akimshika doña Casilda mkono kumpeleka sokoni kipindi kile cha giza. Ndiyo maana maneno yake kwenye mkutano wa chama yalimchoma zaidi.

"Doña Casilda, watu wanasema. Wanasema umeitoboa Litoral."

"Uzi uliisha, don Abundio. Barabara ilifungwa, kila mtu anajua."

"Uzi uliisha kwenye nyota ile? Nyota ile ndiyo ya kuanza nayo, mama! Unaanza na aliyepotea, halafu hao waliopo nyumbani."

"Mimi kikubwa hukiacha mwisho. Kama nyama kwenye sahani."

Ukumbi ulicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Don Abundio alisubiri kicheko kiishe, akasema kwamba chama hakiwezi kumpa nafasi mtu ambaye kazi yake inazungushwa nchi nzima kutia nyota ya Litoral aibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na mkewe alikuwa anamtazama kwa jicho baya, akaongeza: vijana wale wamealikwa kupiga kwenye sikukuu ya Puerto San Telmo, kule ziwani. Mabaharia wenzake wastaafu wana chama chao huko. Na watazame wao. "Wakisema si matusi, doña Casilda, utacheza, na kofia ya ngoma nitakuvika kwa mkono wangu mwenyewe."

Ndiyo maana alikuwa ziwani, mwanamke ambaye hakuwahi kusafiri mbali zaidi ya hospitali ya macho ya Cochabamba.

Don Abundio alikuwa ametangulia. Waliposhuka kwenye basi, walimkuta gatini amevaa suti na kofia yake ya zamani ya jeshi, anakula mahindi ya kuchemsha. Alimsalimu doña Casilda kwa heshima, akamuuliza habari za safari, kisha akamvuta pembeni. Limber akafuata bila kualikwa.

"Uzi umepatikana?"

"Upo hapa." Aligusa kifua, ambako alikuwa ameuhifadhi ndani ya kitambaa.

"Basi ziba, mama, tumalize maneno."

"Ile ni kazi ya siku nzima, don Abundio. Onyesho ni leo alasiri."

"Basi ziba kesho. Waambie wazee leo, mbele yangu, kwamba kesho unaziba. Ukisema hivyo tu, sihitaji wapige kura. Unacheza."

Doña Casilda aliona kitu kizito kinashuka kutoka mabegani mwake. Ukweli ni kwamba tundu lile lilikuwa limemkera tangu siku lilipotoka mlangoni pake, kama kokoto ndani ya kiatu. Kazi ambayo haijaisha ni kazi ambayo haijaisha, hata redio ikisema nini.

"Nitasema," akajibu.

Limber alitazama maji. "Doña Casi, onyesho zima limesimama juu ya hilo tundu."

"Wewe ulinikuta sina uzi, mwanangu. Sasa ninao."

"Joho ni lako," akasema Limber. "Sisi tumekodi tu." Akaenda kushusha mashua.

Onyesho lilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wenye paa la bati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili pawe na giza. Mji mzima ulikuwa umeingia: akina mama na sketi zao za marinda, wavuvi wa samaki wa ziwani, wanajeshi vijana waliopewa ruhusa. Mstari wa mbele walikaa mabaharia wastaafu, kofia za buluu magotini, nyuso kama za watu waliokuja kumtazama maiti. Katikati yao alikuwa don Crisóstomo Apaza, mwenyekiti wao, mzee kuliko wote na mzito wa masikio. Doña Casilda walimpa kiti ubavuni, karibu na don Abundio.

Hakuwahi kuwaona wakipiga. Mtaani kwake watu wa umri wake hawaendi kwenye muziki wa namna ile. Alikuwa amejiandaa kuvumilia, na dakika za mwanzo alivumilia kweli, maana magitaa yalikuwa yanamtikisa meno. Maadmirali waliingia na macho yao yaliyotoka, wakipiga hatua za Morenada, zile nzito za watu waliofungwa minyororo, wakivuta mashua kwa kamba. Rosmery alipiga dramu yake kama anayepasua kuni. Wanajeshi vijana walishangilia. Mzee mmoja mstari wa mbele, don Hermógenes, alikunja mikono kifuani na hakuikunjua tena.

Kisha magitaa yakanyamaza. Limber alivua joho, akalifunga kwenye mlingoti wa mashua, akaanza kulipandisha kwa kamba kama tanga. Lilifika katikati likateleza, likaanguka nusu. Watu wakaguna. Akalivuta tena, na safari hii lilikaa. Nyuma yake ikawashwa taa moja kali, zile nyingine zikazimwa.

Nyota ilitoka kwenye joho ikaja kwa watu.

Ilikuwa nyota ya mwanga, kubwa, yenye ukingo safi kwa sababu ukingo ule alikuwa ameushona doña Casilda, shanga kwa shanga. Limber aliisukuma mashua taratibu huku akiimba kwa sauti ndogo, bila chombo, na nyota ikatembea. Ilipita juu ya nyuso za wanajeshi. Ilishuka kwenye mapaja ya wazee, ikagusa kofia moja baada ya nyingine. Ilikaa juu ya goti la don Abundio, na doña Casilda aliona mkono wa don Abundio ukiinuka kidogo, kama anayetaka kuifunika isiondoke, kisha ukarudi. Halafu ikaja kwake. Ilikaa juu ya vidole vyake vyenye makovu ya sindano, nyeupe, kama ule mraba wa mwanga juu ya shuka. Aliyafumba macho, akayafumbua kuhakikisha bado yanaona. Yalikuwa yanaona.

"Ahsante," akasema, na hakujua amesema kwa sauti mpaka jirani yake alipomgeukia.

Baada ya onyesho wazee waliwaalika wote kwenye nyumba ya chama chao, kwenye meza ndefu yenye samaki wa kukaanga, viazi vikavu na pilipili. Bendi ilikuja bila vinyago, nywele zimelowa jasho, na bila vinyago walionekana wadogo. Don Abundio alisimama, akamwaga tone la kinywaji chake sakafuni kwa ajili ya ardhi, akaeleza kwa nini wamekusanyika. Kabla hajamaliza wazee walikuwa wamekwisha kuanza kubishana.

"Ni matusi," alisema don Hermógenes. "Ulimi nje, na koti la admirali! Mimi nililipigia saluti koti lile."

"Uliipigia saluti supu pia, ulivyokuwa mwoga," akasema mwenzake wa ng'ambo ya meza. "Mimi nimelia."

"Wewe hulia hata mbuzi akichinjwa."

"Nalia, ndiyo! Na leo nimelia zaidi!"

"Bahari si mchezo."

"Nani kasema mchezo? Wewe umewahi kuiona bahari?"

"Sijaiona. Na wewe?"

"Sijaiona."

Wote wawili wakarudia samaki wao.

Don Abundio aligonga glasi. "Wenzangu, kuna njia fupi. Doña Casilda, aliyeshona, yupo hapa na ana neno la kuwaambia. Mama, waambie kuhusu kesho."

Doña Casilda alisimama. Uzi ulikuwa palepale kifuani, alikuwa anausikia. Aliwatazama wazee, akamtazama Limber ambaye alikuwa anachambua mifupa ya samaki bila kula. Sentensi ilikuwa fupi, alikuwa ameirudia kichwani tangu gatini. Akiitamka, karnivali atacheza na nadhiri itakuwa imetimia.

"Don Abundio, nisamehe," akasema. "Sitaziba."

"Umesema nini?"

"Asubuhi nilitaka. Nimetaka tangu lilipotoka nyumbani kwangu, maana halikuwa wazo, lilikuwa uzi uliokwama Konani, na wazee wasidanganywe. Lakini leo nimeliona likifanya kazi. Lilikuja mpaka hapa mkononi. Na kwako lilikuja, don Abundio, nilikuona." Don Abundio alishusha macho kwenye sahani. "Mimi sijui mambo ya bendera. Ninajua kazi ya mkono. Kitu kikifanya kazi, sikifumui wala sikizibi. Nafasi yangu mpe mwingine. Nadhiri yangu nitaicheza nje ya kamba, kandokando ya barabara, pamoja na wauza soda. Mamita ana macho mazuri kuliko yangu, ataniona."

Akaketi. Don Crisóstomo alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio muda wote.

"Anasema nini huyu mama? Semeni kwa sauti!"

"Anasema hatalifunga tundu, mwenyekiti!" akapiga kelele don Hermógenes.

"Tundu gani?"

"La kwenye joho! La nyota!"

"Nyota ipi? Mimi nilikuwa natazama kamba." Mzee aligeuka polepole, akaelekeza uma wake kwa Limber. "Wewe kijana. Lile fundo ulilofunga tanga, nani alikufundisha?"

Limber alitazama nyuma yake kuona kama kuna kijana mwingine. "Hakuna, mzee. Nilifunga tu."

"Ulifunga tu! Mmesikia? Alifunga tu! Mbele ya mabaharia chungu nzima!"

"Hata mimi niliona," akasema yule aliyelia. "Nilidhani ni machozi yananidanganya."

"Liliteleza lenyewe," akasema don Hermógenes, na mikono yake ikakunjuka kwa mara ya kwanza. "Fundo la kufungia mbuzi lile. Ziwani ungeshakufa, kijana. Wewe na bendi yako yote na dada wa ngoma."

"Mbuzi mwenyewe angetoroka!"

Hapo kikao kilivunjika. Mmoja alivua kamba iliyofungia pazia. Mwingine alitoa ya mfukoni, maana wazee wale hutembea na kipande cha kamba kama wengine wanavyotembea na rozari. Walimsimamisha Limber katikati ya chumba, wakamshika vidole, wakamfundisha fundo la tanga, huku wakigombana wao kwa wao kama kamba ipite juu kwanza au chini. Rosmery alilishika mara moja, wakampigia makofi. Limber alikosea, wakamzomea kama watoto wa shule, akakosea tena, na alipopata, don Hermógenes mwenyewe alivuta kamba kwa uzito wake wote, akaona haitelezi, akampiga kofi la mgongoni lililomfanya akohoe.

Don Abundio alikuwa bado amesimama na glasi yake. "Na hukumu?" akauliza. "Mwenyekiti, hukumu yetu?"

"Hukumu ya nini?"

"Kama ni matusi au si matusi!"

Don Crisóstomo alifikiri, akifuta pilipili mdomoni. "Sikiliza, Abundio. Nusu ya hawa hapa wanasema matusi, nusu hawasemi. Hawajawahi kukubaliana kitu tangu tukiwa vijana kambini, hata kuhusu wali. Mimi ninachojua ni hiki: mtu anayetaka kunitania hajisumbui kubeba mashua kutoka Oruro kuniletea mimi. Na hawa watoto wameipenda mashua lakini hawajui kuifunga. Hilo si kosa la kufukuzwa, ni la kufundishwa. Warudi mwakani, nitalitazama fundo." Akamgeukia doña Casilda. "Huyu mama anataka nini?"

"Kucheza," akajibu don Abundio, kwa sauti ya chini.

"Ana kosa gani la miguu?"

"Hana."

"Na wewe ulimwahidi nini?"

Don Abundio alikohoa. "Kofia. Kwamba nitamvika mwenyewe."

"Basi mbona bado umesimama na glasi?"

Chumba kilicheka tena, lakini safari hii don Abundio alicheka nao, uso umemwiva. Alizunguka meza mpaka alipokaa doña Casilda. Kofia ya ngoma ilikuwa Oruro, kwa hiyo alivua ile yake ya jeshi, yenye nanga iliyopauka, akamvika hiyo juu ya misuko yake miwili ya nywele. Ilimshukia mpaka kwenye nyusi.

"Una uzi?" akamnong'oneza.

"Ninao, don Abundio."

"Joho langu la karnivali halina kitu mgongoni. Nishonee nyota ya Litoral. Nzima, isiyo na tundu." Akafikiri. "Na uanze nayo."

"Nitaanza nayo," akasema doña Casilda, na alikuwa ameanza kulia.

Jumamosi ya karnivali, Oruro ilikuwa imejaa mabenchi pande zote za barabara, na juu ya mabenchi watu, na juu ya watu povu walilorushiana kwa makopo. Limber na Rosmery walikuwa wamekaa safu ya tatu, bila koti wala kinyago, na hakuna aliyewajua. Mbele yao bwana mmoja mnene alikuwa anamweleza jirani yake kwamba Marea Seca ni wezi wa bendera na wangefaa kuchapwa viboko uwanjani.

"Uwanjani tena!" akajibu jirani yake. "Wale ndio wazalendo waliobaki. Mwanangu ameanza kuuliza habari za bahari kwa sababu yao."

"Mwanao angemuuliza mwalimu."

"Alimuuliza. Mwalimu akamwimbia wimbo wao!"

Rosmery alimkanyaga Limber mguu ili asijibu. Bwana yule mnene aligeuka, akamuuliza, "Wewe kijana unasemaje?"

"Mimi nimekuja kutazama Morenada, mzee," akasema Limber, na mtu akamjaza povu sikioni.

Bendi ya matarumbeta ilikuja kwanza, tuba na ngoma kubwa, sauti yake ikiingia miguuni kabla ya masikioni. Nyuma yake alikuwa don Abundio na filimbi mdomoni, na mgongoni mwa joho lake nyota ya kumi ikiwaka juani, nzima, ya dhahabu tupu. Kisha safu za akina mama, manyanga ya mbao yakilia pamoja. Doña Casilda alikuwa mwisho wa safu upande wa kushoto. Kofia yake ya ngoma ilikaa sawasawa. Aliyemvika alikuwa ameirekebisha mara tatu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na macho yake, wazi kabisa, yalikuwa yanachukua kila kitu: matarumbeta, povu, wauza soda, anga.

Alimwona Limber. Hakupunga, kwa sababu mchezaji wa safu hapungi mkono. Aliinua manyanga yake juu kidogo kuliko wenzake, akayazungusha mara moja nje ya mdundo, kosa dogo la makusudi ambalo mwenzake wa pembeni alilijibu kwa kumkodolea macho.

"Huyo ndiye aliyeshona lile joho lao," alisema bwana mnene, akimwonyesha kwa kopo la povu. "Lile la tundu. Eti uzi uliisha, nani ataamini?"

"Uzi gani? Alifanya kwa maana," akasema jirani yake. "Ni msanii yule."

"Alifanya kwa dharau."

"Kwa maana!"

Safu ilikuwa imekwisha pita. Barabara hupanda kuanzia hapo, kuelekea kanisani, na mlangoni wachezaji hupiga magoti na kuingia hivyo hivyo mpaka miguuni pa Bikira. Limber alisimama juu ya benchi kuwatazama. Aliona kofia ya doña Casilda miongoni mwa kofia nyingine, kisha akaona kofia tu, zote sawa, zikipanda. Nyota ya don Abundio iliwaka mara ya mwisho pale barabara inapopinda. Bwana mnene akamvuta suruali akimwambia akae, anawaziba watu, na Limber akakaa.